Nani Mwenye Vyombo? Mjadala wa Leza Mjini Tabora

Sauti tatu zinazobishana hapa nimezitunga. Yanayobishaniwa sikuyatunga: programu, visanduku na kanuni za kulinda macho vipo, na swali lenyewe linamfika kila fundi mitambo wa mikoani aliyetazama onyesho la leza kwenye simu akajiambia kwamba na yeye anaweza. Fundi ni kijana aliyesomea umeme VETA. Anatengeneza spika na amplifaya karibu na stendi ya mabasi. Mwenye Vyombo ni mama anayekodisha jukwaa, muziki na taa kwa harusi na sendofu, hasa miezi ile fedha ya tumbaku inapoingia mikononi mwa watu. Mwalimu amestaafu, alifundisha fizikia.

Kilichowakutanisha ni wazo la Fundi. Anataka kuichora kwa mwanga njia ya zamani ya misafara, kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, na vile vituo sita ambavyo Tanzania iliviingiza katika orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Anataka kuichora Kwihara kwenyewe, nje kidogo ya mji, kwenye ukuta wa tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Mama hajakataa. Anataka kwanza kujua nani ananunua nini.

FUNDI: Shikamoo mwalimu. Mama, shikamoo.

MWALIMU: Marahaba, kijana. Haya, tueleze. Lakini kwa lugha ya watu.

FUNDI: Projekta ya leza haina uchawi. Ndani mna vyanzo vitatu vya mwanga: mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mbele yake kuna vioo viwili vidogo kama ukucha, kila kimoja juu ya mota yake. Kimoja kinaupeleka mwale kushoto na kulia, cha pili juu na chini. Vikienda kasi ya kutosha, jicho halioni nukta inayokimbia, linaona mstari. Na vioo hivyo vinatii volti tu. Chama cha ILDA, kilichoanza mwaka 1986, kiliandika kiwango cha soketi ya pini 25: pini hii ya kushoto na kulia, hii ya juu na chini, hizi za rangi. Kiwango kiko wazi, yeyote anakisoma. Kwa hiyo ninachohitaji ni kisanduku cha kugeuza tarakimu za kompyuta kuwa volti. Kipo kinachoitwa Helios, mchoro wake na msimbo wake vyote vimewekwa hadharani. Anayejua kuchoma risasi anaweza kukitengeneza. Ipo na programu ya OpenLase, ya Hector Martin wa Hispania, ambayo inaweza kutumia kadi ya sauti peke yake.

MWENYE VYOMBO: Kadi ya sauti hii ya laptopu?

FUNDI: Hiyo hapana, mama. Ya nje, ile yenye matundu ya spika nane. Na lazima uifungue uziondoe kapasita za njia ya kutokea, maana zinazuia volti iliyotulia. Spika haina haja na volti iliyotulia. Kioo kinaihitaji, ndiyo inayokishikilia mahali pake.

(Hoja hii ya kapasita msomaji asiiruke. Programu huria inajengwa na inaishi kwa watu wa namna hii, wanaoona kifaa kipya na kutafuta bisibisi kabla ya kutafuta risiti.)

MWENYE VYOMBO: Nimekusikia, mwanangu. Sasa nisikilize na mimi niliyewahi kurudisha hela ya watu. Bibi harusi ameingia ukumbini, MC ametaja jina, DJ ameweka wimbo. Mwanga usipotoka, hakuna mgeni atakayeuliza kapasita zako umeziweka wapi. Wenzetu wa biashara hii wanatumia programu za kulipia. Pangolin, kampuni ya Florida, nayo ipo tangu 1986. Wana QuickShow kwa anayeanza, wana BEYOND kwa wakubwa. Unachomeka kisanduku chao, unabonyeza kitufe kwenye kioo cha kompyuta, ua linatoka. Kitufe cha pili, jina la bwana harusi. Hayo ndiyo ninayouza.

FUNDI: Na kisanduku chao bei yake ni mamia ya dola, kabla hujagusa projekta, kabla ya usafiri, kabla ya forodha. Halafu programu haitoi mwanga bila kisanduku hicho. Leseni imekaa ndani ya chuma. Jenereta ikirusha umeme kikaungua, umepoteza vyote viwili kwa mpigo mmoja.

MWENYE VYOMBO: Nitawapigia.

FUNDI: Saa tatu usiku, Jumamosi, mwezi wa saba? Florida ni saa nane mchana, na ni Jumamosi vilevile.

MWENYE VYOMBO: Na wewe wa bure, utampigia nani?

FUNDI: Simpigii mtu. Nafungua mwenyewe.

MWENYE VYOMBO: Hicho ndicho ninachokiogopa. Na hao vijana walioniambia ipo iliyovunjwa kufuli, wataniuzia kwenye flashi kwa elfu kumi?

FUNDI: Hiyo si ya bure, mama, hiyo ni ya wizi. Bila kisanduku chao haitakutolea mwanga. Itakachotoa ni virusi.

MWALIMU: Na kisheria hiyo elfu kumi ni ghali. Tangu Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, programu ya kompyuta inalindwa sawa na kitabu. Fundi yuko sahihi kuzitenganisha. Aliyeandika OpenLase ameandika pia ruhusa: chukua, badilisha, gawa. Lakini nikukumbushe kitu, kijana, usije ukadhani ruhusa inamaliza kazi. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux wakishirikiana na Waswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Microsoft wakafuata na Kiswahili chao baadaye. Programu huria ilitangulia kutuheshimu. Haya, ingia ofisi yoyote mjini hapa uniambie umeikuta kwenye meza ngapi.

FUNDI: Watu hawakuitumia, mwalimu. Kosa si la programu.

MWALIMU: Sijasema kosa ni la nani. Nasema programu inahitaji mtu wa kuitunza kila mwaka, na huyo mtu anakula.

FUNDI: Lakini mama, mbona taa zako za jukwaani ninaziendesha kwa QLC+? Ni huria, sijakulipisha hata senti ya leseni, na hujawahi kulalamika.

MWENYE VYOMBO: Sijalalamika kwa sababu taa ya kawaida ikikwama, inakwama inawaka. Watu wanaendelea kucheza. Hiyo yako ikikwama inakuwaje?

MWALIMU: Swali hilo nilikuwa nalingoja. Ikikwama, vioo vinasimama. Vikisimama, nguvu yote iliyokuwa imetandazwa kwenye mchoro mzima inakaa kwenye nukta moja. Lenzi ya jicho inaikusanya nukta hiyo zaidi, ukali wake unapanda mara laki moja hivi ukifika kwenye retina. Kwa leza isiyozidi milivati 1, jicho linajiokoa lenyewe: linafumba ndani ya robo sekunde. Hilo ni daraja la 2. Ukivuka milivati 5 umeingia daraja la 3B, ukivuka 500 ni daraja la 4, na projekta yoyote inayofaa ukumbi wa harusi iko huko juu. Robo sekunde haikuokoi tena. Na retina haiumi. Mtu anaungua, anaendelea kupiga makofi, asubuhi anaona doa katikati ya kila sura anayoitazama.

FUNDI: Naandika mstari mmoja kwenye msimbo: nukta zikisimama, zima mwanga.

MWALIMU: Kompyuta ikiganda, mstari wako unaganda nayo. Mota ya kioo ikikatika, kompyuta haina habari. Kinga inakaa ndani ya projekta, sakiti inayovitazama vioo vyenyewe kama vinatembea, na visipotembea inakata mwale bila kuuliza ruhusa kwa programu yoyote. Pangolin wanayo moja, wanaiita PASS. Tena kiwango chako cha ILDA kimetenga pini za kitufe cha dharura, kile chekundu anachoshika mtu anayelitazama onyesho kwa macho. Wewe pini hizo umezifanyaje?

FUNDI: Nilikuwa... nimeziunganisha zenyewe kwa zenyewe. Bila hivyo haiwaki.

MWALIMU: Yaani umeiambia mashine kwamba kitufe kipo na hakuna aliyekibonyeza.

FUNDI: Wengi wanafanya hivyo, mwalimu.

MWALIMU: Najua.

Hapo ndipo mimi ninayeandika ninapoacha kukaa katikati. Ubishi wa bure na kulipia, kama mafundi wanavyoupenda, unahusu programu: ipi ina vitufe vizuri, ipi inachora herufi bila kutetemeka. Katika hilo Fundi ana haki karibu yote. LaserBoy ya James Lehman ni ya bure na inafanya mengi ambayo mtu wa Tabora atahitaji mwaka wake wa kwanza. Ukiichoka, unahama na mafaili yako. Anayejifunza kwa programu ya kulipia anajifunza vitufe vya kampuni moja, na anayejifunza kwa kuandika nukta mwenyewe anajifunza leza. Ila yule anayetoka kwenye meza ya kujifunzia akaelekea kwenye watu mia nne waliovaa nguo za sherehe amevuka mpaka, na upande wa pili fedha haiepukiki. Haiendi kwenye programu. Inaenda kwenye sakiti ya vioo, kitufe, ufunguo, kipimo cha nguvu ya mwanga na miwani. Huko sijaona cha bure ninachoweza kumshauri mtu akiamini kwa macho ya mama yake.

Fundi hakukubali kirahisi, na sababu yake ni nzuri.

FUNDI: Wataalamu wenye leseni hawakosei? Julai 2008, kwenye tamasha mkoa wa Vladimir huko Urusi, mvua ilinyesha, wakafunika uwanja kwa mahema. Leza zilizokuwa zimepangwa kupiga angani zikapiga mahema na kurudi kwa watu. Watu kama 30 walipoteza sehemu ya uwezo wa kuona. Zile hazikuwa leza za fundi wa stendi.

MWALIMU: Kweli kabisa. Leseni haikuona kwamba paa limebadilika. Ilihitajika akili ya mtu wa kusema: basi, leo haziwashwi.

MWENYE VYOMBO: Sasa mimi mnaniambia ninunue nini? Kariakoo zipo tele, boksi limeandikwa wati kadhaa, bei haitishi.

MWALIMU: Boksi linaandikwa na muuzaji. Mwaka 2010 maabara ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima kalamu ya leza ya kijani iliyonunuliwa kwa dola 15. Iliandikwa milivati 10. Ilikuwa inatoa karibu milivati 20 za mwanga usioonekana, infraredi, kwa sababu leza nyingi za kijani za bei nafuu huzaa kijani kutoka kwenye infraredi, na aliyeziunda aliokoa senti chache kwa kutoweka kichujio. Jicho halifumbi kwa mwanga lisiouona.

MWENYE VYOMBO: Na wapiga video? Kamera moja ya hao vijana inazidi bei ya spika zangu.

FUNDI: Mwale ukiingia kwenye lenzi, kihisi cha kamera kinachomeka mstari mzima. Simu pia.

MWENYE VYOMBO: Na nani analipa?

Hakuna aliyejibu. Nadhani swali hili moja, kwenye ukumbi wenye simu mia nne zilizoinuliwa juu, litaifundisha Tabora usalama wa leza haraka kuliko kanuni yoyote. Wamarekani wameweka kwamba mwale upite angalau mita 3 juu ya sakafu wanaposimama watazamaji. Kumbi zetu nyingi, ukishatandaza vitambaa vya mapambo darini, mita 3 ndiyo vitambaa vyenyewe.

Wakarudi Kwihara, na hapa mjadala ukawa mtamu kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa ukuta una hesabu zake. Tembe ni nyumba ya chini. Huwezi kumweka mtazamaji kati ya projekta na ukuta. Mwale utapita usoni mwake. Kwa hiyo projekta inakaa mbele na watu wanasimama nyuma yake.

MWALIMU: Mita 10 kutoka ukutani, tuseme. Projekta ya kawaida inatangazwa kwa nukta 30,000 kwa sekunde. Inapimwa kwa pembe ya digrii 8. Kwa digrii 8, mita 10 zinakupa ramani ya upana wa mita 1.4.

FUNDI: Hiyo ni kama mlango.

MWALIMU: Ukitaka mita 6, pembe inafika digrii 33, na vioo haviwezi kukimbia kasi ileile kwa mruko mrefu hivyo. Lakini tuzidanganye hesabu, tuseme zinabaki 30,000. Ili mchoro usipepese, uchore mara 25 kwa sekunde. Unabaki na nukta 1,200 kwa mchoro mzima. Sasa hesabu majina ya vituo vyako.

FUNDI: Bagamoyo nane, Mamboya saba, Mpwapwa saba, Kilimatinde kumi na moja, Kwihara saba, Ujiji tano. Arobaini na tano.

MWALIMU: Kila herufi tuipe nukta 30, pamoja na zile za kuzima mwanga wakati kioo kinaruka kwenda herufi inayofuata.

FUNDI: Elfu moja mia tatu hamsini. Zimeisha kabla sijachora njia.

MWENYE VYOMBO: Programu ya kulipia ingelitatua hilo.

FUNDI: Ingepunguza nukta chache, mama. Nukta mpya haiwezi kuziumba, vioo ni vilevile. Dawa ni kutoyaonyesha majina yote kwa pamoja. Njia inaanza Bagamoyo, jina linawaka, linazimika. Mstari unatembea. Mamboya. Mstari unatembea. Kama msafara wenyewe ulivyokwenda, kituo baada ya kituo.

MWALIMU: Hapo umesema. Na uniwekee wapagazi, Wanyamwezi wenye mizigo ya kilo 30 na zaidi, waliokwenda pwani na biashara zao wenyewe kabla misafara ya pwani haijazoea kufika huku. Kila anayezuru Kwihara anasimuliwa Livingstone na Stanley.

FUNDI: Mpagazi mmoja nukta 60. Naweza kuwaweka kumi.

MWALIMU: Na njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Sitaki kuwaona kwa rangi ya waridi inayodundadunda.

FUNDI: Rangi moja tu, mwalimu. Nyeupe. Bila muziki wa dansi.

MWALIMU: Kwa ruhusa ya wenye makumbusho, na baada ya kuwauliza wa uwanja wa ndege. Mwale ukikosa ukuta unakwenda angani, na Tabora ndege zinatua.

Mama alikuwa kimya muda wote huo, akipiga hesabu nyuma ya kadi ya mwaliko. Alipoinua kichwa alikuwa ameshaamua.

MWENYE VYOMBO: Haya. Nanunua projekta moja, yenye hiyo sakiti ya vioo, ufunguo na kitufe chekundu, kwa muuzaji atakayenipa karatasi za vipimo. Miwani miwili. Stabilaiza, maana jenereta nalijua. Kisanduku tuanze na hicho cha Helios, na programu hiyo yako ya bure. Ikinikwamisha harusi moja, nahamia Florida. Na kitufe atashika mwalimu, si wewe.

MWALIMU: Mimi nimestaafu.

MWENYE VYOMBO: Utakaa kwenye kiti. Jambo la mwisho: ramani itakayochorwa ni mali yangu.

FUNDI: Ramani? Ya kwako kwa vipi, mama?

MWENYE VYOMBO: Vyombo vya nani?

Mtu wa Tabora haelezwi maana ya swali hilo. Mji huu ulitoa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na kama bendi nyingine za nchi hii, wapigaji wengi wa zama zile walishika magitaa yasiyo yao. Dar es Salaam vyombo vya NUTA Jazz vilikuwa vya chama cha wafanyakazi. Mpigaji akihama, gitaa linabaki. Vidole alihama navyo, na nyimbo zikawa ugomvi.

FUNDI: Mchoro ukishahifadhiwa kwa muundo wa ILDA, unafunguka kwenye programu yoyote, ya bure na ya kulipia. Nakala itabaki kwako, nyingine kwangu. Na ya tatu ningependa kuiweka wazi, mwalimu yeyote wa Ujiji au Mpwapwa aichukue na kuirekebisha. Nimepewa programu bure na watu nisiowajua. Nitakaaje na ramani sandukuni?

MWENYE VYOMBO: Hao watu usiowajua hawakulipia projekta. Na majina ya maharusi, maua, mioyo, yale yote utakayochora kwa umeme wangu, utayapeleka kwa jirani yangu anayekodisha jukwaa mtaa wa pili?

FUNDI: Maua na mioyo kaa navyo. Hivyo nimevichora kwa ujira.

MWENYE VYOMBO: Na ramani je, utaichora kwa upepo?

MWALIMU: Andikianeni kabla hela haijatoka. Yeye ana nguvu leo, wewe utakuwa na nguvu kesho ukishajua kuchora, na kila mmoja atakumbuka maneno tofauti.

MWENYE VYOMBO: Miaka miwili ramani ionyeshwe kwa vyombo vyangu tu. Baadaye mpe unayemtaka.

FUNDI: Mwaka mmoja. Na shule za sekondari mjini hapa zisihesabiwe humo.

MWENYE VYOMBO: Shule zitalipa nauli ya gari na mafuta ya jenereta.

FUNDI: Mafuta tu. Gari tutaomba kwa mkuu wa shule.

MWENYE VYOMBO: Miezi kumi na minane.